Maswali ya Wasomaji: Kobe, Muhogo na Viazi

Safari hii tumeweka pamoja barua zinazouliza jambo moja kwa njia tofauti: kobe anayefugwa nyumbani apewe vyakula vya mizizi au asipewe, vipi na kiasi gani. Tukisema "kobe" tu tunamaanisha wa nchi kavu. Wa majini ana swali lake huko chini, maana chakula chake na maradhi yake ni vingine.

Kobe wetu mkubwa anazunguka uani. Kila tukimenya muhogo hufika na kuanza kula maganda. Mume wangu anasema mnyama hali kinachomdhuru. Tumwache? (Mama wa nyumbani, Tanga)

Msimwache, mama. Muhogo mbichi, uwe nyama yake, ganda au jani, una kemikali iitwayo linamarini. Ikiwa imetulia ndani ya chembe za mmea haina neno. Chembe zikipasuka kwa kutafunwa, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo, na hapo sianidi huanza kutoka. Sianidi huuzuia mwili kutumia oksijeni hata kama mapafu yanafanya kazi vizuri. Wafugaji wa mbuzi wanalijua hili, kwani wengi wameshapoteza wanyama kwa maganda na majani ya muhogo.

Ganda ndilo linalobeba sumu nyingi kuliko nyama ya ndani, hata kwa muhogo mtamu tunaoutafuna mbichi kwa chumvi na pilipili. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula, muhogo huitwa mtamu ikiwa sianidi yake haifikii miligramu 50 kwa kilo ya muhogo mbichi. Ule mchungu huzidi kiwango hicho mara kadhaa. Tena shamba likikumbwa na ukame sumu huongezeka, kwa hiyo muhogo wa mbegu ileile unaweza kuwa salama mwaka huu na mkali mwaka ujao. Kwa jicho huwezi kuutambua.

Hoja ya mzee wa nyumba ina mantiki yake kwa porini, ambako kobe hudokoa jani hapa na jani pale huku akitembea kutwa nzima. Jikoni anakuta rundo la kitu kimoja, kibichi, chenye unyevu, naye hatakiacha mpaka kiishe. Isitoshe, muhogo si mmea wa kwake. Uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini.

Mnaweza kuuliza: basi tukiuchemsha? Joto huua kile kimeng'enya mapema, linamarini ikabaki ndani ya kipande. Hutoka tu kwa kuyeyuka kwenye maji, na ndiyo maana muhogo unaochemshwa vizuri hukatwa vipande vidogo, huanzishwa kwenye maji baridi mengi, na maji yale humwagwa. Lakini hata mkishughulika hivyo, mtampa kobe nini? Katika gramu 100 za muhogo kuna gramu 38 hivi za wanga na sukari, kalsiamu miligramu 16, na fosforasi miligramu 27. Ni mzigo wa wanga usio na faida kwa gamba wala kwa tumbo. Sisi hatuupendekezi kwa namna yoyote, wala unga wake, wala ugali wake. Kisamvu kibichi ndicho kibaya zaidi, maana majani hubeba sumu nyingi kuliko mzizi.

Menyeni ndani ya beseni, maganda yaende kwenye shimo lenye wigo au mfuniko. Kwa kuwa kobe ameshazoea kufika saa hiyo, muwekeeni fungu la ukoka au matembele mahali palepale. Baada ya siku chache atafuata hilo.

Akiwa ameshakula vipande vichache na bado anatembea na kukaza miguu, mpeni maji na mumwangalie siku mbili. Kobe huvumilia upungufu wa oksijeni kuliko mbuzi au kuku, kwa hiyo dalili zake zinaweza kuchelewa na zisionekane kali mwanzoni. Mkiona amenyoosha shingo na kuachama, miguu imelegea, au anatetemeka, apelekwe kwa daktari wa mifugo saa ileile, na ganda mojawapo mlibebe. Msimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu, kwani huingia mapafuni kwa urahisi.

Nina kobe wa madoadoa, kilo 4. Kwa miezi miwili nimempa viazi vitamu vya kuchemsha kila siku kwa sababu ndivyo anavyovipenda. Sasa choo chake ni laini sana, kinanuka, na amepoa. (Msomaji, Nairobi)

Viazi viishe leo. Usipunguze kidogo kidogo, acha kabisa.

Kobe wa madoadoa ni mla nyasi. Chakula chake humeng'enywa sehemu kubwa ndani ya utumbo mpana, na wanaofanya kazi hiyo ni bakteria waliozoea nyuzinyuzi ngumu, taratibu, kwa siku nyingi. Ukiwamwagia wanga kila siku, bakteria wa aina nyingine, wanaopenda sukari, huzaana upesi. Hutoa asidi na gesi. Wale wa nyuzinyuzi hufa, na mabaki yao yenyewe ni sumu kwa damu. Ndipo choo huwa rojo chenye harufu ya uchachu, na vimelea wa tumbo hupata nafasi. Kupenda kwake kusikudanganye: utamu na ulaini humvutia, lakini tumbo lake halikuumbiwa hivyo.

Msimu nao una sehemu yake. Mwezi Julai, Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12 usiku. Kobe hana joto lake mwenyewe. Mwili ukiwa baridi utumbo husimama, na wanga uliomo hubaki palepale ukichacha. Kobe aliyekula viazi saa kumi na moja jioni siku ya mawingu ana hatari kuliko aliyekula kiasi hichohicho asubuhi ya jua.

Fanya hivi. Kwa wiki tatu mpaka nne chakula kiwe nyasi. Nyasi kavu za Boma Rhodes zinapatikana kwa wauza majani ya ng'ombe. Nusa kwanza, zenye harufu ya uvundo au vumbi la ukungu usichukue. Zikate urefu wa sentimita 3 hadi 5, zinyunyizie maji, zichanganye na nyasi mbichi. Nyasi ziwe sehemu nne kwa moja ya majani mengine. Anaweza kugoma siku tatu, nne, hata wiki. Kwa kobe mzima wa kilo 4 anayekunywa maji huko si kufa njaa, na wengi huharibu tiba siku hizo kwa kumwonea huruma na kurudisha kiazi.

Kila asubuhi kwa wiki ya kwanza mweke kwenye karai la maji ya uvuguvugu, nyuzi 30 hivi, kwa dakika 20. Maji yafike pale gamba la juu linapoungana na la chini, kidevu kibaki nje. Wengi hujisaidia humo, kwa hiyo utaona hali ya choo vizuri. Angalia pia kile kitu cheupe kinachotoka na mkojo: kikiwa laini ni sawa, kikiwa na punjepunje ngumu kobe hanywi maji ya kutosha. Baada ya wiki ya kwanza, mara mbili kwa wiki inatosha.

Mtafutie joto. Upande mmoja wa banda uwe na balbu inayofikisha nyuzi 32 hadi 35 chini yake, upande mwingine uwe wa kawaida ili achague. Usiku, maadamu ni mgonjwa, pasishuke chini ya nyuzi 18. Sanduku la mbao lenye nyasi kavu na kipasha joto kidogo linatosha.

Siku ya pili au ya tatu chukua choo kibichi, kiweke kwenye chupa safi, kikae kwenye friji bila kugandishwa, na kifike kwa daktari siku hiyohiyo kikaangaliwe kwa hadubini. Mayai machache ya minyoo ni kawaida kwa kobe wengi. Daktari ndiye ataamua kama yanahitaji dawa. Na hapa tunakuomba kwa msisitizo: usimpe ivermektini. Duka la dawa za mifugo litakuuzia bila swali, kwa kuwa ni dawa nzuri ya ng'ombe na mbuzi, lakini kobe humlegeza misuli mpaka ya kupumulia, na huua. Usimdunge, usimnyweshe, usimpake.

Mpime kwa mizani kila wiki, saa ileile, na uandike. Kushuka kidogo mwanzoni kunatokana na tumbo kumwaga kilichokuwemo. Akiendelea kushuka baada ya wiki ya pili, rudi kwa daktari.

Jambo la mwisho kwako: Kenya, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga mnyama wa porini kama huyu kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Tanzania nako sheria ya 2009 inadai kibali. Kama huna, nenda ukaulize utaratibu, na porini usimwokote kobe mwingine. Yule mdogo bapa anayejificha kwenye nyufa za mawe, anayepatikana Kenya na Tanzania, tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku kwa kuwekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, kwa sababu walikuwa wanakwisha.

Shikamoo. Kobe wangu alikula maganda ya viazi vya chipsi yaliyotupwa nje. Mengine yalikuwa ya kijani. Atakufa? (Mwanafunzi, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Kwa maganda machache huenda asipate shida kubwa, lakini mwangalie siku tatu: akitoa mate mengi, akiharisha, au akishindwa kujiinua, mwambie mzazi mumpeleke kwa daktari wa mifugo. Leo na kesho mwogeshe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20, na umpe majani tu.

Rangi ya kijani yenyewe haina sumu. Inaonyesha kwamba kiazi kilikaa juani, na jua hilohilo huongeza sumu iitwayo solanini chini ya ganda na kwenye macho yanayochipua. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Kwa hiyo viazi mviringo usimpe kabisa, hata vilivyo safi: vina kalsiamu miligramu 12 tu kwa gramu 100, na fosforasi 57. Chipsi ndiyo usifikirie, kwa mafuta na chumvi yake. Majani ya viazi mviringo, nyanya na biringanya ni ya ukoo mmoja na yana sumu za jamii hiyo, basi bustani ya nyanya iwekee wigo.

Nimesoma kwamba mizizi si mizuri, lakini wengine wanasema karoti na kiazi lishe vina vitamini. Nataka kujua kwa vipimo: kipi, kiasi gani, kibichi au kilichopikwa? Kobe wangu ana kilo 3, afya nzuri. (Mfugaji, Arusha)

Swali zuri, na wenye kusema hivyo hawajakosea. Mizizi miwili inaweza kuingia kwenye sahani ya kobe mzima, mwenye afya, kwa kipimo kidogo: kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya machungwa, yaani kiazi lishe, na karoti. Vyote vina beta-karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kiazi kitamu cheupe au cha rangi ya maziwa, ambacho ndicho kimejaa sokoni, karibu hakina kitu hicho. Ukinunua, mwombe muuzaji akikate uone ndani, maana ganda linaweza kuwa jekundu na nyama nyeupe.

Kwa kobe wa kilo 3 kipimo ni kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, gramu 15 hivi, mara moja tu katika kila siku 14. Si kijiko cha kiazi na kingine cha karoti. Ni kimoja kwa jumla, ukibadilishana. Kobe wa kilo 1 apate kijiko cha chai. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa sababu gamba linajengwa na kila tonge lisilo na kalsiamu ni nafasi iliyopotea. Mwenye choo laini, anayetoka kuumwa, au aliye mahali pa baridi, naye asipewe.

Karoti apewe mbichi, imeoshwa, imekwaruzwa kwa grata upande wa matundu makubwa. Ukimpa kipande kizima cha mviringo atakisukuma, atakiuma, na kinaweza kumkwama. Kiazi lishe unaweza kukikwaruza kibichi pia, kimenywe kwanza. Ukikipika, wanga wake hulainika na kumeng'enywa haraka zaidi, na haraka hiyo ndiyo tusiyoitaka. Lakini kikiwa kibichi kina vizuizi vya kumeng'enya protini. Kwa kijiko kimoja tofauti ni ndogo. Sisi tunapendelea kukitia mvuke dakika 5 au 6 mpaka kilainike nje huku katikati kikiwa kigumu, kipoe kabisa, ndipo kikwaruzwe. Bila chumvi, bila nazi, bila mafuta. Kiazi chenye doa jeusi chungu, kilichotobolewa na wadudu au chenye ukungu, tupa chote. Kukata sehemu mbovu hakutoshi, kwa sababu sumu inayozalishwa na kiazi kilichoshambuliwa husambaa hadi sehemu inayoonekana nzima.

Usikiweke juu ya sahani. Kichanganye kabisa ndani ya nyasi na majani yaliyokatwa, ili asichambue. Mpe asubuhi, jua likishapanda, na baada ya saa mbili au tatu ondoa kilichobaki, kwani kiazi kilichokwaruzwa huvuta nzi na chungu upesi.

Sasa kalsiamu, ambayo kwetu ndiyo kiini cha jambo lote. Chakula cha kobe kinatakiwa kiwe na kalsiamu angalau mara mbili ya fosforasi. Kiazi kitamu kina kalsiamu 30 kwa fosforasi 47. Karoti 33 kwa 35. Fosforasi ikizidi, mwili huchota kalsiamu kwenye mifupa na gamba ili kusawazisha damu, na gamba hulainika polepole bila mwenye kobe kujua. Mshike mgongoni karibu na mkia na ubonyeze kidogo kwa kidole gumba: gamba la kobe mzima halibonyei.

Kwa hiyo siku ya kiazi, nyunyizia unga wa kalsiamu kaboneti kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Maganda ya mayai yanafaa: chemsha dakika 10, toa ngozi ya ndani, kausha, twanga mpaka yawe unga laini. Wa pwani wana bahati ya ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni. Uloweke kwenye maji baridi siku mbili ukibadilisha maji ili chumvi itoke, kausha juani, mwekee mzima bandani audonoe mwenyewe. Dukani kuna makosa mawili yanayorudiwa sana. La kwanza ni kununua DCP, ile ya kuku na ng'ombe. Ndani yake kuna kalsiamu na fosforasi pamoja, kwa hiyo haisawazishi chochote. La pili ni chokaa ya kupaka ukuta. Hiyo imechomwa, ni kali, inaunguza kinywa na koo. Uliza chokaa ya mawe yaliyosagwa, ya kulisha kuku wa mayai, na usome gunia.

Na kama unachotaka ni lishe ya mmea wa kiazi kitamu, tumia majani. Matembele yana kalsiamu 78 kwa fosforasi 81, hayana wanga wa kutisha, na kobe huyapenda. Hata hivyo yana oksaleti, inayokamata kalsiamu, sawa na mchicha, kwa hiyo yasiwe ya kila siku. Yazungushe na majani ya mforosadi, majani na maua ya hibiskasi, na mpungate. Mpungate una kalsiamu kama mara kumi ya fosforasi na Arusha na Laikipia umejaa mpaka unasumbua malisho. Kata jani lake changa, lichome kidogo kwenye moto ili miiba na vile vijimwiba vidogo viungue, lifute, likate vipande. Fungu hilo moja lina faida kuliko kilo nzima ya viazi.

Huku majimbi ni mengi. Kobe apewe? (Msomaji, Chake Chake)

Hapana. Jimbi lina fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, ndizo zinazokuwasha mikono unapolimenya na koo likipikwa nusu. Kobe akiliuma bichi, sindano hizo huingia kwenye ulimi na ufizi. Huvimba, hukataa kula, hutoa mate. Likipikwa sana muwasho hupungua, lakini bado unabaki na wanga. Majani yake ni hivyohivyo, pamoja na maua ya vyungu ya ukoo huo yenye majani mapana yenye mabaka, ambayo watu huyaweka barazani kobe anakopita. Viazi vikuu navyo tunaviacha: baadhi ya aina zake zina sumu mbichi, na kutofautisha aina kunataka mjuzi.

Wanangu walinunuliwa kobe wawili wadogo wa majini, wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Tunawapa viazi vya kuchemsha, mkate na uduvi mkavu. Maji yanachafuka kila siku, na mmoja macho yamevimba, hafungui wala hali. (Dada, Muscat)

Dada, huyo wa macho apelekwe kwa daktari anayejua reptilia, wiki hii. Kwa kobe mchanga wa aina hiyo, ambaye asili yake ni mito ya Marekani, macho kuvimba yote mawili mara nyingi ni upungufu wa vitamini A. Utando wa tezi za macho huwa mnene, huziba, na kope hujaa. Hawezi kula kwa sababu haoni chakula. Chakula mlichokuwa mkiwapa, viazi vyeupe, mkate na uduvi mkavu, hakina vitamini hiyo ya kutosha. Usimtie dawa za macho za watoto, hasa zenye kotizoni. Wala mtu asimdunge vitamini A kwa kukisia: ikizidi, ngozi yake huchubuka vipande vipande, na huweza kufa kwa vidonda.

Viazi na mkate vitoke leo, kwa sababu mbili. Wanga huyeyuka, bakteria huzaana humo, maji hupata ukungu mweupe na harufu, na kobe anayeishi ndani yake hupata vidonda vya ngozi na gamba. Pili, kobe hawa wachanga wanakua, na wanahitaji protini na kalsiamu. Msingi uwe chakula cha punje kilichotengenezwa kwa kobe wa majini, kidogo kila siku. Ongeza minyoo ya ardhi, na samaki wadogo wazima, wabichi, na mifupa yao. Dagaa wakavu wa chumvi hapana. Hata wabichi wabadilishe aina, kwani baadhi ya samaki wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Weka majani pia ndani ya maji. Wakiwa wadogo watayapuuza, wakikomaa yatakuwa nusu ya chakula chao au zaidi.

Yule asiyeumwa unaweza kumpa kiazi lishe au karoti mara moja kwa wiki: mvuke mpaka kiive bila kuvurugika, kata vipande vidogo kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake, viwili au vitatu basi. Mlishe kwenye beseni la pembeni lenye maji ya joto lilelile, dakika 15 hadi 20, kisha mrudishe na umwage maji yale. Hiyo peke yake itapunguza uchafu kwenye tangi. Kwa mgonjwa usitegemee karoti kumtibu. Amechelewa kwa hilo.

Angalia joto. Nje Muscat inawaka, lakini chumba chenye kiyoyozi usiku kucha hupoza maji mpaka kobe akaacha kula. Weka kipasha maji, nyuzi 26 hadi 28, na jiwe kavu la kuotea chini ya taa ya joto na taa ya miale ya UVB. Jua la dirishani halisaidii, kioo huzuia miale hiyo.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimgusa, na beseni lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Kobe hubeba salmonela bila kuumwa. Marekani ilipiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Na mkichoka kuwafuga, msiwaachie kwenye wadi, yale mabonde ya maji ya huko. Huishi, huzaana, na huwanyang'anya viumbe wa pale chakula.

Tunapeleka wanafunzi kisiwa cha Changuu. Wanataka kubeba karoti na viazi vitamu kwa ajili ya kobe wakubwa. (Mwalimu, Dar es Salaam)

Mwalimu, wabaki navyo nyumbani. Kobe wale asili yao ni Aldabra, Shelisheli, na wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Ni wala nyasi na majani kama wa kwetu, na dume lao likikomaa huweza kupita kilo 200. Kipande kimoja cha karoti kwa mnyama wa ukubwa huo si kitu. Shida ni hesabu: darasa la watoto 40, na madarasa mengine siku hiyohiyo, kila mmoja na mfuko wake, yanaishia kwa kobe mmoja aliye karibu na lango. Tumieni majani wanayotoa watunzaji wa pale. Mtoto ashike kikonyo upande wa mwisho, vidole viwe mbali na mdomo, kwa sababu kobe huyu haoni vizuri jani linapoishia na kidole kinapoanzia. Wasimkalie mgongoni. Na kabla ya kufungua vyakula vyao wanawe wote kwa sabuni. Bebeni yenu, msitegemee kuikuta kisiwani.